Kaka, mwanao ana miaka 18

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana ulivyosema "tumpunguze kidogo tu" nilidhani umempelekea fundi cherehani suruali. Mara ya tatu sikucheka, maana nilielewa ni umri wa mwanao unaotaka tuupunguze ili apate nafasi kwenye mpira. Nakujibu hapa hadharani, bila kukutaja jina, kwa sababu tangu shule zifunguliwe Januari wewe ni mzazi wa nne kunijia na jambo hilohilo, na wote mnaanza na maneno yaleyale: "Si wewe ndiye mwalimu wa michezo?"

Ndiye mimi. Na kijana anaujua mpira, hilo silibishi. Mguu wa kushoto anao, na anainua kichwa kabla mpira haujamfikia, kitu ambacho wengi nimewafundisha miaka minne na hawakukishika.

Mpango wako nimeuelewa. Ahamie shule ambayo hawamjui, arudi kidato cha pili kwa cheti cha mtoto wa shangazi, awe na miaka 15. Apande na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kutoka kata hadi wilaya, mkoa hadi taifa, achaguliwe timu ya taifa ya shule za sekondari inayokwenda kwenye michezo ya FEASSSA, ile ya shule za Afrika Mashariki. Huko aonekane, aitwe Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana. Ngazi umezipanga vizuri, sina la kusahihisha. Tatizo ni nani anayezipanda.

Nilikuwa Tabora mwaka 2023 kwenye UMISSETA ya taifa, na kombaini ya mkoa wetu. Vijana tuliwalaza madarasani, magodoro chini, viatu vimeanikwa madirishani. Ukiishi kambi ile unajua mamluki, mchezaji anayecheza kwa jina la mwingine, hakamatwi kwa cheti kwanza. Hukamatwa kwenye foleni ya uji. Mtu kaandikishwa jina moja, halafu kijana wa mkoa mwingine aliyewahi kusoma naye anamwita kwa jina la kwao, kwa furaha kabisa, na yeye anageuka. Basi. Jioni rufaa iko mezani. Walimu wa timu pinzani nao si watoto: wanamsogelea mchezaji kwa upole, wanamuuliza mwalimu wake wa hisabati anaitwa nani, darasa lao liko upande gani wa ofisi. Nimeona beki mwenye kifua kama mlango anababaika kwa swali la namna hiyo hadi nikamhurumia.

Siku hizi kuna namba ya PREM pia, inayomfuata mwanafunzi tangu shule ya msingi na jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Enzi zetu ilikuwa picha ya pasipoti, gundi na mhuri wa mkuu wa shule.

Lakini tuseme apenye. Avuke foleni ya uji, avuke PREM, afike huko unakotaka. Serengeti Boys ni timu ya vijana wa chini ya miaka 17, na huko hawasomi karatasi peke yake, wanasoma mfupa. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la umri huo mwaka 2009, kule Nigeria. Ncha ya mfupa wa mkono ina sehemu laini ambayo mfupa hukulia hapo. Mtu akikomaa hufunga kabisa, na ikishafunga hakuna wakili wala mjumbe wa nyumba kumi atakayeifungua. Mwanzoni mwa 2023 Kameruni waliwapima vijana wao 30 kabla ya mechi za kufuzu AFCON ya umri huo, 21 wakaanguka. Hao 21 kila mmoja alikuwa na baba au mjomba aliyesema "kidogo tu".

Na sisi wenyewe tumeshaonja. Unakumbuka mwaka 2005? Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za Gambia, tukashangilia mtaani, kisha wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyezidi umri. Zimbabwe wakachukua nafasi. Tulikuja kuziona fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, Gabon: sare na Mali, ushindi wa 2-1 dhidi ya Angola, halafu Niger wakatufunga 1-0. Tukalingana nao pointi nne, wakapita wao, na tiketi ya Kombe la Dunia la India ikaondoka nao. Miaka 12 kutoka 2005 hadi 2017, kaka. Kizazi kizima cha wenye miaka 15 kilipita katikati hapo.

Sasa nikwambie lile ambalo unalijua nusu.

Mwaka 1998, nilipokuwa nimeshamaliza kidato cha nne na nakaa nyumbani nikisubiri bahati, ulidhani nimekwenda Morogoro mjini kutafuta kibarua. Nilikuwa nimefuatwa na mwalimu wa shule moja, sitaitaja, nikachezee timu ya wilaya yao. Nilipewa jina la kijana wa kidato cha pili. Nilipewa jezi namba 9 na onyo la kutoongea sana. Nusu fainali nilifunga kwa kichwa, uwanja ukaimba jina lile. Nilikimbia hadi kwenye kibendera cha kona, na nakuapia, kwa sekunde kadhaa nilitazama nyuma kuona wanamwita nani.

Hilo lenyewe ningeweza kuishi nalo, ningelisimulia kijiweni kama kituko. Lakini mwaka juzi nilipeleka geti la shule kuchomelewa, fundi akaniuliza nafundisha wapi, tukaanza kuzungumza mpira. Akaniambia aliwahi kuchaguliwa timu ya wilaya. Beki wa kushoto. Siku ya kuondoka akaambiwa ashuke kwenye lori, jina lake litakwenda ila yeye abaki, kuna mtu atalitumia. Alipotaja jina la ukoo nikajifanya naangalia bawaba za geti.

Sikumwambia. Nililipa bila kupunguza bei, kama vile hiyo ni kitu.

Kwa hiyo ukiniambia hakuna anayeumia, mimi namjua mmoja. Na sijamtaja mwanao mwenyewe. Akicheza na watoto wa miaka 15 atawapita wote kwa mbio na mabega, na kocha hatamfundisha kitu, maana anashinda. Akifika timu ya wakubwa mabega ni ya kila mtu. Nimewaona wengi wa namna hiyo: umri wa mpira miaka 19, umri wa kuzaliwa 23, na bado hajui asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili.

Ana miaka 18. Serengeti Boys imempita, ni kweli, na inauma. Ngorongoro Heroes ni chini ya miaka 20, mlango huo bado uko wazi, na klabu za Ligi Kuu zina timu zao za vijana. Mimi nawajua makocha wawili wanaoweza kumtazama bila kuniomba chochote. Siahidi kwamba watamchukua. Naahidi watamtazama kwa jina lake.

Mlete Jumamosi saa 12 asubuhi, uwanjani kwetu, kabla jua halijawa kali. Avae viatu vyake vya zamani, vile vipya vitamchubua. Na kile cheti cha mtoto wa shangazi kirudishe leo, usingoje mama yake akitafute. Mtoto yule ana upimaji wa kidato cha pili mwaka huu, na nasikia naye anacheza pembeni kushoto.

Mdogo wako.