Barua kwa swahiba: usipande basi, RAM yako ni nzima

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuzidi.

Ujumbe wako, kwamba RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) uliyonunua Kariakoo imeandikwa kasi ya 3200 lakini kompyuta inaonyesha 2133, nawe unataka kupanda basi uje, nimeusoma mara mbili, nikaona bora nikae nikuandikie kwa kituo kuliko kukujibu vipande vipande kwa sauti. La kwanza: usipande basi. Usije Kariakoo kugombana na muuza duka. Stika uliyonipigia picha inasema DDR4-3200 (aina ya RAM na kasi yake), volti 1.35, na naamini ndicho ulichouziwa. Ile 2133 unayoiona kwenye Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya kompyuta, haithibitishi kwamba RAM ni feki. Kompyuta haijaambiwa bado iende kasi hiyo, basi.

Kila RAM ina kichipu kidogo kiitwacho SPD. Kichukulie kama kadi ya kliniki ya mtoto: unapowasha kompyuta, ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote ndani ya kasha, unaifungua kadi hiyo na kusoma. Juu imeandikwa kasi ya kawaida kwa kanuni za JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya RAM duniani, kwa volti 1.2. Chini yake mtengenezaji ameongeza mstari wake: nimempima huyu, ukimpa volti 1.35 anafika 3200. Mstari huo wa pili ndio XMP, utaratibu ulioletwa na Intel mwaka 2007. Ubao mama hauuchagui wenyewe, kwa sababu haujui kama prosesa (ubongo wa kompyuta) uliyoifunga itaumudu. Unachukua ule wa kwanza, wenye uhakika wa kuwaka, na kukuachia wewe uamuzi.

Kwako jambo hili lina uzito kuliko kwa wengi, ndiyo maana sitaki uliache. Prosesa yako, Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, haina kadi ya picha ya pembeni; sehemu yake ya picha inakula sahani moja na prosesa, yaani hiyo hiyo RAM. Kwa 2133, kila njia moja kati ya mbili zinazounganisha RAM na prosesa hupitisha takriban gigabaiti 17 kwa sekunde. Kwa 3200 ni 25.6, na njia mbili zikifanya kazi pamoja unapata 51.2. Michezo ya mpira ya kijana wako na zile video unazohariri zote zinapita hapo. Wala huilazimishi prosesa: AMD wenyewe wameitaja 3200 kuwa kasi inayokubalika kwa prosesa hiyo.

Kabla hujagusa mipangilio, fungua ubavu wa kasha utazame RAM zimekaa wapi. Ubao wako una sloti nne, yaani nafasi za kuchomeka RAM. Kwenye mbao nyingi za namna hiyo, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha ubao wako kitathibitisha. Ukizikuta zimebanana ya kwanza na ya pili, zote ziko kwenye njia moja, na umekuwa ukipoteza nusu ya barabara siku zote hizi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hii unayoilalamikia.

Kisha washa, gonga Delete mfululizo mpaka uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao, utafute XMP. Kwa kuwa ubao ni wa AMD, huenda wameiita DOCP au A-XMP, kitu ni kile kile. (EXPO ukiisikia, hiyo ni ya DDR5, kizazi kipya cha RAM, haikuhusu.) Chagua profaili ya 3200, hifadhi kwa F10, utoke.

Hapo sasa uwe na subira. Kioo kinaweza kubaki cheusi huku feni zinazunguka, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Usichomoe waya. Ubao unaifundisha RAM: unajaribu mapigo haya na yale mpaka upate yanayoshika. Ukishindwa, kwa kawaida utarudi wenyewe kwenye kasi ya zamani. Ukigoma kabisa, zima, chomoa umeme, toa ile betri ya CR2032 ya umbo la sarafu, subiri dakika kadhaa, uirudishe. Na kwa kuwa ubao wako ni wa mtumba, nakushauri uibadilishe betri hiyo mapema. Ikishakufa, kila umeme ukikatika BIOS inasahau ulichoipangia, nawe utakuta 2133 imerudi ukadhani umelogwa.

Ikikubali, Task Manager itaonyesha 3200. CPU-Z, programu ya kukagua vifaa vya kompyuta, itakuonyesha 1600. Usinipigie simu usiku. DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo moja, kwa hiyo 1600 hiyo ndiyo 3200 yako.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo nilipoumia. Kompyuta kuwaka hakuthibitishi kwamba RAM imeiweza kasi hiyo. Mwaka juzi nilikuwa na RAM mbili, nikaongeza mbili za kampuni nyingine, zote zimeandikwa 3200. Nikawasha XMP, ikakubali, nikafurahi, nikaendelea na kazi. Wiki tatu hivi sikuona tatizo, ila kivinjari kilikuwa kinajifunga mara moja moja. Katika wiki hizo nilihamisha kutoka kwenye simu rekodi za bibi yangu akisimulia walivyohama kutoka Kilwa. Nikazibana kwenye mafaili matano ya zip, nikafuta kwenye simu ili nipate nafasi. Bibi alipofariki nikaenda kuyafungua. Mawili yalikataa. Nikajaribu kila programu niliyoijua, hayakufunguka.

Niliiendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku ule ule. Haikufika nusu saa, mistari myekundu ikaanza kujaa. Nikaishusha kasi hadi 2933, nikaipima tena mpaka alfajiri, ikatoka safi. RAM nne huibebesha prosesa mzigo mkubwa kuliko mbili, tena zangu zilikuwa za ukoo tofauti. Hakuna kiwanda kilichowahi kuzipima pamoja. Kila moja peke yake huenda ilikuwa nzima kabisa. Nilichokosea ni kutopima.

Kwa hiyo ukishapata hiyo 3200, usihamishe kitu cha thamani kwanza. Weka MemTest86 kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uiache ifanye mizunguko yake minne usiku mzima. Kosa hata moja ni kosa. Usiseme moja si neno. Likitokea, shuka 3000 au 2933 upime upya. Tofauti ya 3200 na 2933 hutaiona kwa macho, lakini faili lililoharibika halirudi.

Ile kompyuta ya mdogo wako yenye prosesa ya Intel i5-10400 na ubao wa H410, mwambie asihangaike. Hata akitia RAM ya 3200 itaishia 2666, prosesa hiyo na ubao huo haviruhusu zaidi. Hela hiyo anunue SSD, diski ya kuhifadhia yenye kasi.

Nina uhakika zako mbili zitaiweza 3200, maana zilitoka pakiti moja. Ila kesho ukiamka, nitumie picha ya kioo cha MemTest86 kabla hujamruhusu kijana aguse. Na zile picha za harusi yenu ulizosema ziko humo tu, tafadhali zinakili kwenye diski ya nje leo hii, kabla hata hujaingia BIOS.

Wako wa dawati moja.