Rekodi ya dunia inataka saa, mizani na mashahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba wavunjaji wa rekodi za ajabu za dunia ni watu waliokosa kazi. Mimi nawaheshimu, kwa sababu nimeshuhudia jinsi ilivyo vigumu kuithibitisha rekodi.

Msimu uliopita wa korosho, hapa kwetu Lindi, akina mama wa mtaani walishindana kubangua kwa mkono. Mshindi, mama mtu mzima ambaye vidole vyake vimeshika weusi wa mafuta ya maganda, alikuwa akigonga mara moja tu, ganda likapasuka na korosho ikatoka nzima, huku mkono wa kushoto umeshaishika nyingine. Sote tuliamini kwamba hana wa kumfikia duniani. Lakini simu tatu zilitoa muda wa aina tatu, hakuna aliyepima korosho zile kwenye mizani, na video iliyopigwa ilikatikia njiani. Kasi yake imebaki mazungumzo ya barazani.

Mtazameni Hilda Baci wa Nigeria, aliyepika mfululizo jijini Lagos mwezi Mei 2023 mpaka akatimiza saa 100. Guinness, wale wanaosajili rekodi za dunia, walipokagua walimpa saa 93 na dakika 11, kwa kuwa kanuni inaruhusu mapumziko ya dakika 5 kwa kila saa, naye alizidisha dakika katika mapumziko mojawapo ya mwanzoni. Karibu saa saba zilifutwa! Hata hivyo alimpita Lata Tondon wa India, aliyeweka saa 87 na dakika 45 mwaka 2019. Na kabla 2023 haujaisha, Hilda naye akapitwa na Alan Fisher, mpishi wa Ayalandi anayeishi Japani, kwa saa 119 na dakika 57. Ukali huo wa kuhesabu dakika ndio unaoifanya rekodi iaminike na mtu ambaye hakuwapo.

Mkoa wetu, nikumbushe, umo tayari katika rekodi hizo kwa mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ambayo leo imesimamishwa Berlin, Ujerumani, kwa kimo cha mita 13.27. Nashindwa kukubali kwamba tutajulikana kwa mifupa peke yake.

Nawaomba maofisa utamaduni wa wilaya zetu msimu ujao walete mizani iliyokaguliwa, saa moja iliyokubaliwa na wote, na mashahidi wawili wasio na undugu na washindani, nalo gazeti lako litume mwandishi. Yule mama ameniambia yuko tayari kurudia.

Wako mtiifu,
Msomaji, Lindi