Magulio yasifungwe kiholela wakati wa janga

Mhariri,

Uviko-19 ulipotangazwa kuwa janga la dunia Machi 11, 2020, nchi nyingi ziliacha malori ya chakula yapite, lakini hoteli, shule na magulio yakafungwa. Njia ilikuwepo, mnunuzi hakuwepo.

Chukua banda la kuku wa nyama 500. Wakifika wiki sita wanatakiwa wawe wameondoka. Umri huo kila mmoja hula takriban gramu 180 kwa siku, yaani kilo 90 kwa banda zima. Wakikwama wiki mbili tu, mfugaji amenunua zaidi ya mifuko 25 ya kilo 50 ambayo hakuipigia hesabu. Akibana chakula ndiyo balaa: wanadonoana na uzito unashuka. Mwisho huwauza kwa bei ya kutupa, na mkopo wa pembejeo uko palepale.

Vizuizi vikiondolewa, fedha hairudi siku hiyo. Oda zikikatika, watotoleshaji huacha kuweka mayai mashineni. Kuanza upya ni siku 21 za kuangua, kisha wiki tano hadi sita za kukuza. Na kama waliuza hata kuku wazazi, ongeza nusu mwaka, maana mtetea hufikisha wiki 25 hivi ndipo atage mayai ya kutotolesha. Muda wote huo kibarua wa bandani hana kazi, huku ndugu walioachishwa kazi mjini wakirudi kugombea vibarua hivyohivyo. Ujira lazima ushuke, na zile fedha walizokuwa wakituma nyumbani nazo zimekatika.

Gulio ligawanywe badala ya kufungwa: siku moja ya wiki iwe tatu, mifugo na siku yake, nafaka na siku yake, meza ziachane mita mbili, maji na sabuni viwe langoni. Magari ya vyakula vya mifugo na maduka ya pembejeo yapewe kibali sawa na chakula cha watu (hili husahaulika mno). Marejesho ya mikopo yasogezwe kwa mzunguko mzima wa uzalishaji na riba isimame. Ikiendelea kuhesabiwa, hiyo si nafuu, ni deni jingine. Msaada wa mbolea nao uje kwa kalenda ya shamba: mahindi yaliyokosa mbolea ya kukuzia yakiwa usawa wa magoti hayaokolewi na mfuko unaofika yakiwa yameshatoa mbelewele.