Nimebakiza dakika 13, na goti linakataa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 44, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwa miaka mitatu sasa nafukuzia jambo moja: kumaliza mbio za marathoni chini ya saa nne kabla sijatimiza miaka 45. Nimeshakimbia marathoni tatu. Ya kwanza nilitumia saa 4 na dakika 52, ya pili saa 4 na dakika 27, ya tatu saa 4 na dakika 13. Ya nne iko wiki 14 mbele, na wiki tatu baada yake natimiza miaka 45. Hapo katikati hakuna mbio nyingine. Na goti langu la kulia limeanza kunikatalia.

Naomba nikueleze yote, kwa kuwa ushauri niliopewa mpaka sasa umetoka kwa watu niliowaambia nusu.

Sikuwa mtu wa mazoezi. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila Januari nilikuwa nasema mwaka huu nitajitahidi kuangalia afya yangu, na ikifika Machi nilikuwa nimeshasahau. Siku moja nikamsindikiza mfanyakazi mwenzangu kwenye mbio, nikasimama karibu na mstari wa kumalizia. Akaja mama mmoja mwenye mvi kichwa kizima. Alivuka mstari, akabonyeza saa yake, akaitazama, kisha akafumba macho. Hakuwa na mtu wa kumpokea, wala hakuonekana kumhitaji. Nilimwangalia mpaka akapotelea kwenye umati. Usiku ule nilichana ukurasa wa daftari la mwanangu nikaandika: "Marathoni. 3:59. Kabla ya 45." Nikaubandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo nauona mimi tu wakati wa kuvaa.

Shangazi, karatasi ile ilinibadilisha. Baadaye nilisoma kuhusu wanasaikolojia wawili, Edwin Locke na Gary Latham, waliochunguza malengo kwa miongo kadhaa. Walikuta kwamba lengo gumu na lililotajwa waziwazi humfikisha mtu mbali kuliko kuambiwa ajitahidi awezavyo. Sikushangaa hata kidogo. Kujitahidi kulinipotezea miaka kumi; namba ndiyo iliyoniamsha saa kumi na moja alfajiri, siku nne kila wiki. Kutoka kwa mwanasaikolojia mwingine, Peter Gollwitzer, nikachukua ile njia ya kupanga kwa "likitokea hili, nafanya lile". Kwangu ilikuwa hivi: nikishaweka mswaki chini, navaa viatu vya kukimbilia. Sijiulizi kama nina hamu. Mkono unaacha mswaki, mguu unaingia kwenye kiatu, na nikija kuukumbuka usingizi niko kilomita ya pili.

Kwa hiyo usinielewe kama mtu anayetafuta ruhusa ya kuacha. Namba ile naipenda. Imenipa mwili ambao sikuwahi kuwa nao nikiwa na miaka 25, na imenipa saa moja ya siku iliyo yangu peke yangu.

Sasa hesabu. Kumaliza chini ya saa nne kunataka kila kilomita niipite kwa dakika 5 na sekunde 41, na niendelee hivyo kilomita zote 42.195. Mwaka jana wastani wangu ulikuwa dakika 6 kamili. Tofauti ni sekunde 19, muda wa kufunga kamba za kiatu kimoja. Lakini ikishapita kilomita ya 30 hivi, sukari ambayo mwili umeiweka akiba kwenye misuli na ini inakaribia kwisha, na sekunde 19 zinakuwa mlima. Kufikia kilomita ya 34 miguu haikuwa yangu tena. Nilikuwa nahesabu hatua mia moja ili nisisimame, nasahau nimefikia ngapi, naanza upya kwenye moja. Nilipovuka mstari nilitazama saa kama yule mama, ila sikufumba macho. Nililia, na hayakuwa machozi ya furaha. Nilikuwa nimeipita rekodi yangu kwa dakika 14, na niliketi pale chini nikiomboleza kama mtu aliyepoteza kitu.

Mwaka huu nikaongeza mazoezi. Kutoka siku nne kwa wiki nikaenda sita, kutoka kilomita 45 nikaenda 70. Wiki ya sita maumivu yakaanza chini ya kifuniko cha goti, hasa nikishuka ngazi. Daktari alinichunguza akaniambia nisikimbie kwa wiki tatu, niogelee au niendeshe baiskeli, niimarishe misuli ya paja, kisha nirudi taratibu. Nilipumzika siku nane. Baada ya hapo nikawa natoka kabla watu hawajaamka, na baba watoto nikamwambia natembea tu. Bandeji ya goti nilikuwa naikunja naificha kwenye mfuko wa koti ili asiione. Katika miaka 17 ya ndoa sijawahi kumficha hata deni, nikamficha bandeji.

Kilichonikata maini kabisa ni cha mwezi uliopita. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa anapewa zawadi shuleni kwa insha aliyoiandika. Hafla ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ambayo ratiba yangu ilisema kilomita 29. Nikapiga hesabu kwamba nikitoka saa kumi alfajiri nitawahi. Kwenye kilomita ya 22 goti likakaza, nikalazimika kurudi kwa kutembea. Nilifika ukumbini viti vinakusanywa. Mtoto hakulia wala hakununa. Aliniuliza, "Mama, umeipata?" Alikuwa anaulizia ile kasi, anaijua mpaka sekunde. Nikamwambia bado. Akaihamishia bahasha ya cheti kwenye mkono wa kushoto ili ule wa kulia anishike, kwa kuwa nilikuwa nachechemea. Tukatoka hivyo, yeye akiniongoza kama bibi yake.

Usiku ule nilimweleza mume wangu kila kitu, bandeji na yote. Hakugomba. Alisema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akazima taa. Najua alisema kwa uchungu, na tangu siku hiyo hatujaligusa tena jambo hili. Rafiki ninayekimbia naye yeye ananiambia maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Mwalimu wa kikundi chetu anasema nilenge saa 4 na dakika 10, nifurahie mbio, niachane na mambo ya tarehe ya kuzaliwa. Kila mmoja nikimsikiliza naona ana haki, na hapo ndipo ninapokwama.

Nimejaribu kulifikiria kwa utulivu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu kosa tunalolifanya tunapopanga: tunakadiria muda wa kazi kwa kutazama jinsi tunavyotamani iende, bila kutazama jinsi kazi za namna hiyo zilivyokwenda kwa wengine. Niliposoma hayo nilikwenda kuitazama ile karatasi kabatini. Tarehe ile iliwekwa na mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kukimbia hata kilomita 5. Alijua nini kuhusu goti, kuhusu kilomita ya 34, kuhusu watoto wanaokua? Nikasema basi, tarehe si ya kuheshimiwa. Lakini Shangazi, namba nayo iliandikwa na mwanamke yuleyule, usiku uleule, kwa kalamu ileile. Nikimkatalia kwenye tarehe, kwa nini nimwamini kwenye 3:59?

Halafu namkumbuka Eliud Kipchoge. Mei 2017 pale Monza, Italia, alijaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili, akatumia saa 2 na sekunde 25. Angeweza kusema nimekaribia, inatosha. Oktoba 12, 2019 akarudi kujaribu tena, safari hii Vienna, akatumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Lengo alilishika vilevile. Waliobadilisha walibadilisha njia: barabara nyingine, wakimbiaji wa kumsindikiza wakapangwa kwa umbo jingine. Habari hiyo hunipa nguvu siku mbili, ya tatu hunichanganya. Yeye alikuwa anajua kilichopungua ni sekunde 25. Mimi sijui kama dakika zangu 13 ni za aina hiyo, za mtu aliyekaribia, au ndiyo mwisho wa uwezo wangu ninaougonga kwa kichwa. Kutoka mbio za kwanza hadi za pili nilipunguza dakika 25. Kutoka za pili hadi za tatu, 14. Naona jinsi kisima kinavyopungua, na bado maji yamo.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu nimeligundua juzi nikipekua daftari langu la mazoezi. Mwaka jana nusu ya kwanza nilikimbia kwa saa 1 na dakika 58, nusu ya pili kwa saa 2 na dakika 15. Maana yake nilianza kwa kasi kuliko niliyoihitaji na nikalipia mbele. Miaka mitatu nimekuwa hodari wa kujisukuma, lakini kujifunza kukimbia kwenyewe, kupima pumzi, kushika mwendo, kuimarisha mapaja kama daktari alivyosema, nimekuwa nikikuona ni kupoteza muda. Wale Locke na Latham wanasema pia kwamba kwa kazi ambayo mtu bado hajaimudu, lengo la kujifunza mbinu laweza kumfaa kuliko lengo la matokeo. Sentensi hiyo niliipita mara ya kwanza niliposoma. Nilichukua ile iliyonipendeza.

Naomba unisaidie haya. Kwanza, mtu anajuaje kwamba anavumilia na si kwamba anakaidi? Kwa nje vinafanana: saa ileile ya kuamka, viatu vilevile, maumivu yaleyale. Nataka dalili ambayo naweza kuiangalia asubuhi nikiwa peke yangu, kabla sijafungua mlango. Pili, nikibakiza 3:59 na kuifuta tarehe, nitakuwa nimekua au nitakuwa nimeanza tena ile tabia ya Januari na Machi? Naogopa sana tabia ile. Niliishi nayo miaka kumi na najua inavyoanza, huanza kwa sababu nzuri kabisa.

La tatu ndilo zito. Nimwambie nini binti yangu? Nikiacha, ameona mama akiacha. Nikiendelea na goti hili, ameona mama akidanganya daktari, akidanganya baba, akikosa siku yake, na bado anaitwa shujaa. Insha aliyopewa zawadi nimeshaisoma. Aliandika kuhusu mtu anayeamka gizani.

Mume wangu nitazungumza naye mwenyewe, hilo sikutwishi. Najua nina deni kwake na nitalilipa.

Fomu ya kujiandikisha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeshajaza jina, umri na namba ya mtu wa kupigiwa kukitokea dharura. Kimebaki kisanduku kimoja, kinachouliza natarajia kumaliza kwa muda gani, ili wanipange kwenye kundi la kuanzia. Nimeandika 3:59 kwa penseli, nikafuta, nikaandika 4:10, nikafuta hiyo pia. Karatasi pale imeanza kuwa nyembamba. Kama unaweza, nijibu kabla ya Ijumaa.

Ni mimi mwanao,
Mama wa Alfajiri