Salamu za Krismasi: Alikuja Bila Kumlazimisha Mtu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nawasalimu washirika wa kanisa letu, ndugu wa makanisa ya Kibaptisti huku Nyanda za Juu Kusini na popote mlipo, na majirani zetu Waislamu ambao kila sikukuu mnapita kutujulia hali kama sisi tunavyopita kwenu siku ya Idi. Krismasi imefika. Mvua zimeshika, mahindi yameota, mabasi ya kuja mikoani yamejaa, na kwaya zinafanya mazoezi mpaka usiku. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha.

Mwaka huu, katika kuandaa mahubiri ya sikukuu, nimekaa sana kwenye mstari ambao huwa tunausoma harakaharaka ili tufike kwa malaika: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto." Habari ya kuzaliwa kwa Bwana inaanza na amri ya serikali. Kaisari anataka orodha ya watu, basi watu wasafiri. Yusufu haulizwi kama Mariamu ataweza safari na ujauzito ule. Baadaye kidogo Herode naye anatoa amri yake, na watoto wa Bethlehemu wanauawa. Katikati ya amri hizo mbili anazaliwa Mfalme wa wafalme, naye hamwamuru mtu yeyote aje kumwona. Wachungaji wanapewa habari, kisha wanasemezana wao kwa wao, "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu." Mamajusi wanafunga safari kwa kutafuta wenyewe. Yohana anaandika kwamba alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea. Wasiompokea hawakutumiwa askari.

Mimi ni mchungaji wa Kibaptisti, na kwangu jambo hili limebeba kanisa zima. Ndiyo maana hatubatizi watoto wachanga. Tunawaombea, tunawaweka mbele za Bwana pamoja na wazazi wao, kisha tunasubiri. Kila Desemba huja mzazi akiniomba nimbatize kijana wake kwa kuwa ndugu wote watakuwepo na binamu zake wameshabatizwa. Ninaelewa furaha ya familia iliyokusanyika, maana hata kwangu wanakusanyika. Lakini nitamwita kijana pembeni nimuulize mwenyewe anamwamini nani na kwa nini. Akijibu kwa kumtazama baba yake, tutasubiri. Wazazi wengine wameniona mgumu. Najua hata hivyo kwamba siku kijana huyo atakaposhuka majini kwa miguu yake na kukiri kwa kinywa chake mbele ya kanisa, hakuna atakayeweza kumwambia baadaye kwamba dini hii alipachikwa.

Na ndiyo maana pia mambo ya kanisa tunayaamua kwenye mkutano wa washirika. Bibi anayekaa benchi la nyuma, asiyejua kusoma, kura yake ni moja na kura ya mchungaji ni moja. Mikutano hiyo huchosha. Tumewahi kujadili mabati mpaka giza likaingia. Siwezi kuibadilisha kwa mfumo mwingine wowote, kwa sababu ninaamini Roho wa Bwana anasema na yule bibi pia, na mimi nahitaji kumsikiliza.

Imani hii ina historia, na ningependa vijana wetu waijue. Mwaka 1609 Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam kwa sababu ya kuabudu walianzisha kanisa la waumini waliobatizwa kwa kukiri imani yao wenyewe. Viongozi wao walikuwa John Smyth na Thomas Helwys. Helwys hakutaka kubaki ukimbizini. Alirudi London na wenzake wachache wakaanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti kwenye ardhi ya Uingereza, akijua kinachomngoja. Mwaka 1612 akatoa kitabu, na katika nakala iliyokusudiwa kumfikia Mfalme James wa Kwanza akaandika kwa mkono wake kwamba mfalme ni mwanadamu afaye, si Mungu, na kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho zisizokufa za raia zake. Alifungwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa ameshafariki.

Kwangu lililo zito zaidi ni watu aliowatetea. Wanaoteswa huwa wanadai uhuru wao wenyewe, na hilo kila mtu analiweza. Helwys aliandika kwamba wawe wazushi, wawe Waturuki, wawe Wayahudi, mamlaka ya dunia haina kazi ya kuwaadhibu kwa ajili ya imani yao hata kidogo. Kwa Kiingereza cha siku zile, kusema Waturuki ilikuwa ni kusema Waislamu. Basi majirani zangu mnaosoma salamu hizi, mjue kwamba mwanzoni kabisa mwa safari yetu, zaidi ya miaka 400 iliyopita, babu yetu wa imani aliwaweka ninyi ndani ya ombi lake. Mbaptisti anayefurahia msikiti kufungiwa amesahau alikotoka.

Hata sikukuu hii yenyewe imewahi kupigwa marufuku, tena na Wakristo. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts, lililokuwa la Waingereza huko Amerika, lilitunga sheria kwamba atakayeadhimisha Krismasi atatozwa faini ya shilingi 5, na sheria hiyo ikadumu mpaka 1681. Watawala wale walikuwa wacha Mungu, waliokimbia mateso Uingereza. Walipopata madaraka, wakatesa. Miaka 8 kabla ya sheria ile walikuwa wamemchapa Mbaptisti Obadiah Holmes viboko 30 hadharani mjini Boston. Sisemi haya ili tuwacheke. Ninayasema kwa sababu na sisi tunaweza kufika hapo tukipewa nafasi.

Karibu zaidi nasi kuna habari ya Simon Kimbangu, aliyebatizwa na wamisionari wa Kibaptisti huko Kongo ya chini mwaka 1915. Mwaka 1921 akaanza kuhubiri na kuombea wagonjwa kijijini kwake Nkamba, na makundi ya watu yakamfuata. Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Kongo, wakaogopa. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme wa Ubelgiji akaibadilisha iwe kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki mwaka 1951 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ambako Kiswahili kinasemwa kila kona. Wafuasi wake walihamishwa kwa maelfu mbali na makwao, wakaabudu kwa siri. Kanisa lao lilitambuliwa na serikali ya kikoloni tarehe 24 Desemba 1959, mkesha wa Krismasi. Mafundisho yao na yetu yameachana kwa mambo makubwa, na nikikaa nao nitawaambia hivyo wazi. Lakini miaka 30 ile ilikuwa dhuluma, na nikiunyamazia ukweli huo kwa kuwa tu siafikiani na theolojia yao, sina haki ya kulitaja jina la Helwys.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi tangu 2023. Je, Shakahola? Katika msitu ule wa Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Walikuwemo watoto. Nililia, na mpaka leo siwezi kulisema jambo hili madhabahuni bila sauti kukatika. Baada ya hapo wengi, hata wachungaji wenzangu, walitaka serikali iwe inapima mafundisho ya kila mhubiri kabla hajasimama.

Mimi hapo nasema hapana. Anayemnyima mtoto chakula mpaka akafa ametenda jinai, na polisi hawahitaji kujua theolojia ili kumkamata. Wamkamate mapema, kwa ukali wote wa sheria, hata akiwa na Biblia mkononi. Helwys mwenyewe alimtii mfalme katika mambo ya dunia. Lakini tukiipa ofisi mamlaka ya kuamua mahubiri yapi ni ya kweli, ofisi hiyo itabadilisha wakubwa, na mkubwa ajaye hatatuuliza. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 19, inaitaja kazi ya kueneza dini kuwa huru na hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini kuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Tuilinde ibara hiyo kwa wivu.

Kisha tufanye kazi iliyo yetu. Nabii wa uongo hustawi mahali ambapo mtu mmoja anasema na wengine wote wanaitika amina. Kanisa ambalo washirika wanasoma Neno wenyewe, wanaona hesabu za sadaka, na wanaweza kusimama kwenye mkutano kumuuliza mchungaji "andiko liko wapi?", huyo nabii atapata shida kulitawala. Kwa hiyo vijana mnaokwepa mkutano wa washirika kwa sababu unachosha, nawaomba mje. Mkutano wa Januari uko palepale, baada ya ibada ya pili.

Jambo moja kwa wachungaji wenzangu. Wanasiasa watakuja kutusalimia sikukuu hizi, na wakaribishwe kama mgeni yeyote. Wakae, waimbe, walisikie Neno. Mimbari tubaki nayo. Tukiwaachia wao kwa ajili ya bahasha au ahadi ya kiwanja, siku tutakapohitaji kumwambia mkubwa kwamba amekosea, maneno yetu hayatakuwa na uzito.

Basi wapendwa, ibada ya mkesha itaanza saa tatu usiku. Waleteni wageni, ila msimburute mtu. Mume asiyependa kanisa aachwe apumzike, na akirudi mkewe amkute na chai. Tutawaombea waliofungwa kwa ajili ya imani yao duniani kote, Wakristo na wasio Wakristo. Salamu za pekee kwa wauguzi mtakaokuwa zamu, madereva mtakaokuwa barabarani, wanafunzi mliobaki vyuoni kwa kukosa nauli, na wafungwa tutakaowatembelea tarehe 26. Wazee mnaougua, mashemasi watawaletea Meza ya Bwana nyumbani. Majirani zetu, mchana wa Krismasi pilau lipo na nyama imechinjwa na mikono yenu wenyewe kama kawaida yetu, karibuni na watoto.

Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya.