Barua ya wazi kwa vikundi vya jogging vya Dar es Salaam

Wanangu wa Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni,

Marahaba, hata kabla hamjaniamkia. Nakaa Chang'ombe, na kila Jumamosi mnapita na nyimbo na filimbi nikiwa nimetoka kuswali. Sina ugomvi na hilo; heri kelele zenu kuliko za baa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, mjukuu wangu alinigongea dirisha imeshapita saa tisa. Kwenye simu yake mwanariadha wetu Alphonce Simbu alikuwa anamalizia marathoni, anaingia uwanjani Tokyo, bega kwa bega na Mjerumani, Amanal Petros. Saa 2:09:48, wote wawili! Mjerumani alijirusha mpaka akaanguka, na ilibidi kamera iamue: Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Nilipiga yowe mpaka jirani akauliza kama kuna msiba.

Olimpiki ni hesabu nyingine. Huko Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, na wa saba katika michezo ya Tokyo. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, fedha zote, za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Bayi alikuwa ameshavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, kule Christchurch, kwa dakika 3:32.2. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, nasi tukiwemo, zikasusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand walikwenda kucheza raga na makaburu. Nilikuwa kijana, roho iliniuma, lakini sijawahi kusema tulikosea.

Ila ninayetaka mumjue vizuri ni John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968. Mji ule uko juu sana, pumzi inakatika. Akabanwa na misuli, akaanguka, goti likateguka. Wengine waliacha mbio, na hakuna aliyewalaumu. Yeye alifungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshavishwa dhahabu, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka, ndipo akatokea akichechemea, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Wale wachache waliobaki walimpigia makofi kama bingwa. Siku hizi nawafikiria zaidi hao waliobaki kuliko hata yeye.

Mtaelewa kwa nini. Wiki chache zilizopita kikundi kimoja kilipita kwangu, na nyuma yake kijana mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono. Tisheti yake ilikuwa kama zenu, ameilipia kama nyinyi. Kikundi kikakata kona, kikaruka mtaro, kikaingia njia ya vumbi. Kijana akasimama ukingoni mwa mtaro. Filimbi ikazidi kufifia. Akajipangusa jasho kwa ile tisheti, akageuza polepole, gurudumu moja likigusa tope, akarudi alikotoka. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Paralimpiki, ile michezo mikubwa ya wanamichezo wenye ulemavu, bado hatujapata medali hata moja. Mnadhani mwanamichezo wa Paralimpiki anaanzia wapi? Anaanzia hapo kwenye mtaro. Hao wanaokwenda kuiwakilisha nchi wanastahili vigelegele vyenu, lakini walioko mtaani kwenu wanahitaji njia ya lami. Pangeni njia isiyo na mtaro; zipo. Anayetangulia asimame kwenye makutano mpaka kundi lote litimie.

Na asiyeona msimwambie akae nyumbani. Kwenye Paralimpiki hukimbia na mwelekezi, wameshikana kwa kamba fupi mkononi, hatua kwa hatua, na mwelekezi haruhusiwi kumtangulia kwenye mstari wa mwisho. Wakishinda, naye anavishwa medali. Kamba hiyo haina gharama, hata ya kiatu inatosha. Kinachotakiwa ni mtu mwenye pumzi asiyekuwa na haraka ya kuonekana wa kwanza, na hao ndio adimu kwenu, nisamehewe.

Jumamosi ijayo nitakuwa kibarazani na ndoo ya maji ya kunywa na vikombe. Kama yule kijana yumo kwenye kikundi chako, mwambie babu hataingia ndani mpaka apite.

Babu yenu wa Chang'ombe