Kwa vijana wa Likoni: bajeti nayo ina tarehe zake

Kwa vijana wangu wa Mtongwe na Timbwani, wa Bofu na Shika Adabu, wenyeji na waliohamia, mnaoendesha boda, mnaouza viazi karai pale kivukoni, mliosoma na mnaotafuta kazi.

Assalamu alaikum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Juni 2024 niliwaona mkivuka na feri, bendera mabegani, mkienda mjini kuupinga Mswada wa Fedha. Wako wazee wenzangu walioguna. Mimi sikuguna. Mkate ulikuwa utozwe ushuru wa asilimia 16, na mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Mambo hayo yalimgusa hata bibi asiyewahi kumiliki baiskeli, kwa kuwa mchele wake waletwa na gari. Mliusoma mswada wenyewe, mkauchambua kifungu kwa kifungu kwenye simu, mpaka sisi tuliozoea kusomewa magazeti barazani tukawa twawauliza nyinyi. Tarehe 26 rais akatangaza hautii saini. Wako wenzenu waliokufa kwa risasi kwa ajili ya siku ile. Mungu awarehemu, na asiwepo wa kuwaambia mlikuwa mwacheza.

Neno langu ni hili. Mwezi ule ule wa Juni, kufikia tarehe 30, bunge la kaunti hutakiwa liwe limepitisha bajeti ya Mombasa, na kaunti nyingine zote vivyo hivyo. Pesa za maji yenu, taka zenu, zahanati yenu na chekechea ya wadogo zenu zimo humo. Mbona huku hamji?

Mimi huhudhuria ile mikutano ya maoni ya umma. Acha niwaeleze ilivyo, maana wengi hamjaiona. Tangazo hutoka gazetini, kwa Kiingereza, siku chache kabla. Ukumbini viti vya plastiki vya mbele vyashikwa mapema na watu wale wale wa kila mwaka, wanaojuana na afisa wa wadi kwa majina ya utani. Mlangoni pana daftari la kutia saini, jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Kisha wagawa makaratasi, na hayatoshi. Kitabu kizima cha makadirio ya bajeti kiko mezani kwa afisa, nakala moja, kurasa mamia, nacho ni safu za namba. Afisa aeleza kwa dakika kumi, halafu aomba maoni. Wa kwanza asimama kumshukuru gavana. Wa pili ashukuru pia. Wa tatu aomba basari ya mwanawe. Ikikaribia adhuhuri pagawiwa soda na nauli, watu wakatawanyika, na lile daftari la saini laenda kuwa ushahidi kwamba watu wa Likoni walishirikishwa.

Sisemi maafisa wote ni wabaya. Wengine wataka kwa dhati mtu aulize swali la maana, nimewaona nyuso zao zikichangamka akitokea. Ila swali la maana halitoki kwa mtu aliyekiona kitabu asubuhi ile ile.

Na hapo ndipo mnapotushinda sisi. Ule mswada wa Nairobi mliusoma wiki nzima kabla. Makadirio ya kaunti yatakiwa yawe yamefikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kutoka hapo hadi mwisho wa Juni ni miezi miwili. Kabla yake kuna taarifa ya sera ya fedha, ya Februari 28, inayoamua kila idara itapata kiasi gani, na kabla ya hiyo kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, wa Septemba mosi. Kwa maoni yangu Septemba ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu mradi usiotajwa kwenye mpango ule ni taabu kuuingiza baadaye. Ajabu ni kwamba Septemba ndipo ukumbi huwa mtupu kabisa.

Mkinyimwa nakala, iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Mkenya yeyote aruhusiwa kuandika kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi yapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Andikeni kwa Kiswahili chenu hichi hichi. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni kama hamkuipeleka.

Jambo la pili, jueni mlango wa kubisha. Nasikia kijana akimtukana mwakilishi wa wadi kwa sababu feri imeharibika. Feri iko chini ya halmashauri ya bandari, nayo ni ya serikali kuu. Polisi ni serikali kuu. Hatimiliki za ardhi, serikali kuu, ndiyo maana zile za shamba la Waitiki hapa Likoni mwaka 2016 zilikuja kutolewa na rais mwenyewe. Shule za msingi na sekondari, serikali kuu. Lakini taka zinazooza njiani, zahanati isiyo na dawa, chekechea, vyuo vya ufundi vya mitaani, leseni za biashara na soko, hayo ni ya kaunti, yameandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mkimpigia kelele asiyehusika, anayehusika alala usingizi mnono. Tena wanasiasa wetu waijua sana hiyo; mbunge ataahidi mtaro, mwakilishi wa wadi ataahidi kituo cha polisi, na hakuna atakayeulizwa.

Maji ndiyo yaliyochanganywa zaidi, kwa hivyo niruhusuni nikae hapo kidogo.

Mombasa haina mto wa kunywa. Maji yetu yatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa zama za mkoloni, miaka ya 1950, nalo lapita kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Vyanzo vyote hivyo vikubwa viko nje ya kaunti yetu. Wakala wa serikali kuu huyaleta maji kwa jumla, huiuzia kampuni ya maji ya kaunti, na kampuni ndiyo yatuuzia sisi. Sasa mfereji ukikauka, mwaenda kwa kampuni waambiwa hawakuletewa. Mwaenda kwa wakala waambiwa kampuni ina deni. Katikati hapo mwenye mkokoteni apita na mitungi yake ya lita 20, bei ikipanda kila siku mfereji unapokaa kavu, na mama mwenye watoto watano alipia maji zaidi kwa mwezi kuliko mwenye bwawa la kuogelea Nyali. Visima vyetu vya uani maji yake ni ya chumvi, na vyoo viko karibu. Kipindupindu hakihitaji mwaliko.

Katiba, kifungu cha 43, yasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu. Basi msiulize "maji lini?" Swali hilo lina majibu elfu. Ulizeni kampuni inadaiwa kiasi gani, na makadirio ya mwaka huu yametenga kiasi gani kulipa. Ulizeni ni maji kiasi gani yanayoingia kwenye mabomba bila kufika kwa mteja yeyote, yanavujia wapi, na nani huyauza usiku kwa maboza, yale malori ya maji. Ulizeni bomba la mtaa fulani limetajwa ukurasa wa ngapi. Afisa aliyezoea kushukuriwa, swali la namna hiyo humfanya avue miwani aifute.

Tatu, na hili nalisema kwa uzito. Agosti 2027 tutapiga kura. Kutakuja watu na fulana, na pesa za kugawa usiku, na maneno kuhusu wabara. Mimi nilikuwa hapa usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na vijana, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa, pamoja na kituo cha pale kivukoni. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa Disemba. Jirani zetu Wakikuyu, Wajaluo na Wakamba wakakimbilia kanisani na magodoro vichwani. Waliotuma vijana hawakuonekana. Vijana wenyewe, wako waliouawa, wako waliokamatwa na kuteswa, nao wengi wao walikuwa na manung'uniko ya kweli, ya ardhi na ya kazi za bandari. Hoteli za Diani zikafungwa au kupunguza watu, na waliofutwa kazi walikuwa watoto wa hapa hapa. Ile ardhi iliyosemwa tutarudishiwa sikuiona ikirudi kwa njia ile. Leo nikisikia mheshimiwa anawalisha vijana wa panga halafu ahutubia habari za usalama, najua nimsogelee au nimkwepe.

Angalia tofauti. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo yote ya bandarini ipakiwe kwenye reli ya SGR, na madereva wa malori na wafanyakazi wa maghala ya makontena wakaanza kukosa riziki, watu wa Mombasa waliandamana mchana, kwa majina yao, na wengine wakaenda mahakamani. Ilichukua miaka, na mabadiliko ya serikali, hadi Septemba 2022 amri ikaondolewa. Kazi zote hazikurudi. Lakini hakuna jirani aliyelala kanisani.

Kuna mmoja wenu alinijibu juzi: "Babu, hata tukienda ukumbini bajeti huwa ishapangwa." Ana haki ya kushuku. Hata mimi nashuku. Ila ule mswada wa fedha nao ulikuwa ushapangwa, tena ukapita bungeni, lakini kwa kuwa mliusoma mkaupinga, haukutiwa saini. Na mkiwasilisha ombi la maandishi bunge la kaunti, sheria yawalazimisha kulishughulikia. Wakilitupa, mna karatasi ya kuwaonyesha wapiga kura wa wadi nzima.

Nina nakala ya makadirio ya mwaka uliopita, nimeipigia mistari kwa wino mwekundu sehemu za Likoni. Macho yangu hayasomi tena vizuri zile namba ndogo. Anayetaka kuisoma pamoja nami aje barazani kwangu baada ya Alasiri, Jumamosi yoyote. Aje na kalamu na simu yenye kikokotoo. Chai ipo, mahamri ajiletee.

Mzee wenu,
Mtongwe